Laini yako ya simu iko kwa jina la nani?



Katika kuzunguka zoni za hapa Nakivale tunawauliza watu swali moja ambalo wengi hulijibu kwa kicheko: laini ya simu unayotumia imeandikishwa kwa jina la nani? Mzee mmoja alinyanyua simu yake juu akasema, "Mwanangu, hii ni yangu, niliinunua kwa pesa ya mahindi yangu." Nikamwambia, "Ndiyo papa, simu ni yako. Mimi nauliza laini." Akafikiri kidogo. Laini ilikuwa kwa jina la kijana wa boda boda aliyehamia Mbarara, na hata jina la pili la kijana yule hakulikumbuka.

Mzee huyo si peke yake. Katika karatasi hii tunataka kueleza kwa nini swali hilo lina uzito, na jinsi ya kuilinda namba yako pamoja na mambo yote ambayo siku hizi yanategemea namba hiyo.

Zamani laini ilikuwa kitu cha kuongelea tu. Ikipotea, unanunua nyingine na kuwatangazia ndugu namba mpya. Leo mambo ni tofauti. Kwenye namba ile ile kuna pesa zako za MTN au Airtel. Kuna WhatsApp yako, na ndani yake sauti za mama yako aliyebaki Kivu. Kuna Facebook yako. Na ofisi inapokutafuta kwa ajili ya mahojiano au msaada, inapiga namba hiyo.

Sasa fikiri jinsi kampuni hizi zinavyokutambua. Wakati wa uhakiki wa mwaka 2018, ulioanza Machi na kuendelea hadi Oktoba, tulipanga foleni tukachukuliwa alama za vidole na picha za mboni za macho. Kwa hiyo faili lako ofisini limefungwa na mwili wako mwenyewe. WhatsApp haijawahi kuyaona macho yako wala kukujua kwa sura. Inajua namba tu. Mtu yeyote anayepokea meseji kwenye namba ile, kwao huyo ndiye wewe.

Je, ilikuwaje wengi wetu tukawa na laini za watu wengine? Serikali ya Uganda ilianza kuandikisha laini mwaka 2012. Mwaka 2017 iliamuru kila laini ihakikiwe kwa kitambulisho, na zile ambazo hazikuhakikiwa zikafungwa. Wakati ule mkimbizi ambaye hakuwa na kitambulisho chake cha mkimbizi, bali hati ya familia tu, alikuwa hana njia. Akamwomba jirani raia, au akanunua laini iliyokwisha kuandikishwa kwa jina lisilojulikana. Hatuwalaumu waliofanya hivyo, maana mtu alitaka kusikia habari za watoto wake.

Lakini mwezi Agosti 2019 Tume ya Mawasiliano ya Uganda ilitoa agizo kwamba mkimbizi aweze kuandikisha laini kwa kutumia hati ya familia inayotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu. Wapo majirani zetu ambao mpaka leo hawajasikia habari hii, au walisikia wakaona uvivu wa kubadilisha kwa kuwa laini ya zamani "bado inafanya kazi."

Inafanya kazi mpaka siku moja. Mama mmoja alikuwa na laini kwa jina la mwanamke aliyekuwa rafiki yake sana. Wakagombana kwa jambo dogo la sokoni. Yule mwenye jina akaenda kwenye kituo cha kampuni na kitambulisho chake, akasema laini yake imepotea, anaomba kurudishiwa namba. Kampuni haikufanya kosa lolote kumpa, kwa sababu kwenye kompyuta namba ilikuwa yake. Mama yule aliona tu mtandao umepotea kwenye simu yake. Akadhani ni mnara. Kesho yake mdogo wake aliyeko Bukavu alimwuliza kupitia simu ya jirani, "Yaya, kwa nini unaniomba pesa kila saa?" Pesa zilizokuwa ndani zilikuwa zimekwisha kwenda. Kurudi polisi kudai hakuwezi, maana atasema laini ni yake akiwa na karatasi gani?

Hivyo basi, ikiwa laini yako ni ya jina la mtu mwingine, fanya hivi. Ikiwa mwenye jina yuko na mnaelewana, mwombe mwende pamoja kwenye kituo cha huduma cha kampuni yenyewe mkaulize namna ya kuhamisha jina. Usiishie kwa kijana wa chini ya mwavuli. Ikiwa hayuko, au hamsalimiani, ni afadhali kununua laini mpya kwa hati yako mwenyewe. Usiitupe ya zamani kwanza. Toa pesa zote zilizomo. Kisha ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, kuna sehemu ya kubadilisha namba, ambayo huhamisha akaunti yako na makundi yako yote kwenda kwenye namba mpya. Fanya hivyo pia kwenye Facebook. Halafu nenda ofisini ukawaambie waandike namba mpya kwenye faili lako. Hatua hii ya mwisho ndiyo watu husahau, kisha wanalalamika kwamba waliitwa na hawakujua.

Tena, usiiache tu laini ya zamani ikafa yenyewe huku mambo yako yakiwa bado yameshikamana nayo. Namba isiyotumika kwa muda mrefu kampuni huichukua na kuiuza kwa mtu mwingine. Huyo mnunuzi hana ubaya wowote, lakini meseji zako zitamfikia yeye.

Siku ya kuandikisha laini, angalia kidole chako. Wakala akikwambia "haikushika, weka tena," na tena, na tena, mwulize kwa upole akuonyeshe kwenye mashine kwa nini haikushika. Wako mawakala wachache wanaotumia kidole chako cha pili kuandikisha laini nyingine ambayo wataiuza. Laini hiyo ikitumika kwa wizi, jina litakalosomwa ni lako. Na ukilazimika kuacha nakala ya hati yako, andika juu yake kwa kalamu tarehe na kwamba ni ya kuandikisha laini tu. Nakala iliyoandikwa hivyo haimfai mtu anayetaka kuitumia kwa jambo lingine.

Sasa tuje kwenye tarakimu sita. Hata laini ikiwa kwa jina lako halali, mtu anaweza kukuibia WhatsApp bila kuigusa simu yako. Anaweka namba yako kwenye simu yake. WhatsApp inatuma tarakimu sita kwenye namba yako ili kuhakikisha kwamba ni wewe. Hapo anahitaji kitu kimoja tu: umsomee zile tarakimu. Basi anakuandikia, na mara nyingi anatumia akaunti ya mtu unayemjua aliyekwisha kumwibia: "Shikamoo mama, nimekosea nimetuma namba fulani kwako, naomba unitumie haraka." Au anapiga simu kwa sauti ya kiofisi, anasema wewe ni kati ya waliochaguliwa kupata msaada, na meseji iliyoingia sasa hivi ni namba yako ya foleni.

Hakuna ofisi yoyote, wala kampuni, wala ndugu, mwenye haja halali ya kujua tarakimu hizo. Ukizitoa umetoa nyumba na godoro lake. Yule mwizi ataingia, wewe utatolewa, naye ataanza kuwaandikia watu wako wote akijifanya wewe mgonjwa hospitali.

Ikikupata, usikae kulia. Fungua WhatsApp kwenye simu yako, weka namba yako upya, subiri tarakimu mpya zije, uziandike. Yule mwizi atatolewa papo hapo. Ikiwa alikwisha kuweka namba yake ya siri ya pili, itakubidi kusubiri siku 7 kabla ya kurudi. Wakati huo piga simu kwa watu wako, uwaambie kwa mdomo wasitume kitu. Namba hiyo ya siri ya pili unaweza kuiweka wewe mwenyewe leo, kabla ya mwizi: imo kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya akaunti, nayo pia ina tarakimu sita. Usiweke mwaka wako wa kuzaliwa. Wengi wetu tumeandikiwa tarehe 1 Januari kwenye hati, na wezi wanajua hivyo.

Kuhusu pesa, maneno ni machache. Meseji inayosema umetumiwa pesa kwa makosa, ikifuatwa na mtu anayelia umrudishie, usiiamini kwa kuisoma. Piga mwenyewe *165# ikiwa ni MTN, au *185# ikiwa ni Airtel, uangalie salio. Ikiwa salio halikuongezeka, hakuna pesa iliyoingia. Ikiwa kweli imeongezeka, mwambie mwenyewe aende kwa kampuni yake irudishwe kwa njia yao. Na namba ya siri ya pesa usimpe wakala akubonyezee, hata kama hujui kusoma. Ni afadhali ufundishwe na mwanao mara kumi mpaka vidole vizoee.

Wenye simu ndogo za kubonyeza wasifikiri kwamba haya hayawahusu. Simu ndogo ikiibwa, mwizi anachomoa laini na kuiweka kwenye simu kubwa, na tarakimu sita zinaingia pale. Dawa yake ipo, nayo ni ya zamani: kila laini inaweza kuwekewa namba ya siri inayoulizwa kila simu inapowashwa au laini inapohamishwa. Ukikosea mara 3 laini inajifunga, na itabidi kupata namba ndefu ya kuifungua kutoka kwa kampuni. Kwa hiyo iandike mahali, lakini si nyuma ya simu. Piga pia *#06# na uandike namba itakayotokea, yenye tarakimu 15. Hiyo ni namba ya simu yenyewe, si ya laini, nayo ndiyo polisi wataiuliza.

Jambo lingine ni vibanda vya kuchaji. Wengi tunaacha simu pale kutwa nzima kwa sababu nyumbani hakuna umeme wala sola. Watu wa vibanda ni majirani zetu na wengi ni waaminifu. Lakini simu isiyo na ufunguo wa kioo, ikiachwa saa 6 mezani, mtu yeyote anaweza kufungua WhatsApp yako na kuiunganisha na simu yake au kompyuta. Inachukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Baada ya hapo unachukua simu yako, unalipa, unaenda nyumbani, na kila unachoandika kinasomwa kule pia bila wewe kuona tofauti. Ndani ya WhatsApp kuna sehemu inayoonyesha vifaa vilivyounganishwa. Ifungue leo. Ukikuta kifaa usichokijua, kiguse na ukiondoe. Tumeona ndoa mbili zikigombana kwa sababu ya jambo hili, lakini hizo tutaziachia wazee wa zoni.

Nikija kwenye makundi ya WhatsApp, hapa naomba usome polepole. Karibu kila mmoja wetu yuko katika kundi la "watu wa kwetu," wa kijiji, wa kanisa au wa shule aliyosoma. Makundi haya ni mazuri. Ndiyo yaliyotupa habari vita vilipofika Goma mwezi Januari 2025, na Bukavu mwezi Februari mwaka huo huo, na watu wakajua nani amevuka na nani bado. Lakini kundi moja linaweza kuwa na watu mpaka 1,024. Je, unawajua wote? Kila mmoja wao anaona namba yako. Kila mmoja anaweza kuhifadhi picha uliyotuma.

Watu husema ujumbe wa WhatsApp umefungwa na hakuna anayeweza kuusoma njiani. Ni kweli, tangu mwaka 2016 ndivyo ulivyo. Lakini kufungwa huko ni kwa njiani tu. Ukifika kwenye simu ya ndugu yako uko wazi, na simu ya ndugu yako inaweza kushikwa na mtu mwingine kizuizini barabarani. Mtu huyo hataanza kukutafuta wewe uliyeko Uganda. Atasoma ulichoandika: "Je, baba mdogo bado amejificha kwa mchungaji?" Swali la upendo, lakini ndani yake kuna jina, kuna mtu, kuna mahali.

Kwa hiyo unapowaandikia waliobaki, usitaje mahali mtu alipo wala atapita njia gani. Uliza tu kama wako salama. Yanayobaki myaongee kwa sauti. WhatsApp ina namna ya kuweka ujumbe ufutike wenyewe baada ya saa 24, siku 7 au siku 90. Itumie katika mazungumzo na watu walio kwenye hatari. Haimzuii mtu kupiga picha kioo, lakini inapunguza kile kitakachokutwa. Na kama ulikimbia kwa sababu mtu fulani anakutafuta, usiweke picha yako ukiwa mbele ya bango lenye jina la zoni. Watoto wetu ndio wanaoweka picha hizo, tena kwa furaha. Zungumza nao.

Picha ya hati ya familia au ya kitambulisho isiwekwe kwenye kundi lolote, hata kama kiongozi wa kundi ameomba "ili aandike orodha." Orodha ya nini? Hapa ndipo panapoanzia wizi mkubwa wa kambini, ule wa kupelekwa nchi ya tatu.

Mwezi Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Familia zilizokuwa zimekwisha kupimwa afya, nyingine zimeuza na vyombo, zilirudishwa kwenye kungoja. Matumaini yakivunjika hivyo, anayekuja na ahadi hupata wasikilizaji. Kwenye Facebook utaona ukurasa wenye nembo ya UNHCR au bendera ya Kanada, na fomu ya kujaza: jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya faili, picha ya hati, namba ya simu. Mwisho wa fomu ni ada ndogo ya "kufungua faili." Nembo si ushahidi. Nembo inanakiliwa na mtoto wa darasa la tano.

Huduma za UNHCR na za mashirika yanayofanya kazi nayo ni za bure, kuanzia kuandikishwa hadi kupelekwa nchi ya tatu. Na tena fikiri: ofisi ina hati yako, ina vidole vyako, ina mboni zako. Kwa nini ikuombe picha ya hati kupitia Facebook? Anayekuomba ni yule asiyekuwa nayo. Hata usipolipa ada, ukiwa umejaza fomu umekwisha kutoa kila kitu kinachohitajika ili mtu ajifanye wewe.

Kuhusu programu unazoweka kwenye simu, nitagusa mbili. Ya kwanza ni VPN. Kodi ya shilingi 200 kwa siku ya kutumia mitandao ya kijamii ilipoanza Julai 2018, na Facebook ilipofungwa Januari 2021, nchi nzima ilijifunza neno hili. Kodi ile iliondolewa mwaka 2021, lakini VPN zimebaki kwenye simu zetu. Fahamu kwamba VPN huchukua mambo yako yote ya intaneti na kuyapitisha kwenye kompyuta za kampuni iliyoitengeneza. Ikiwa ni ya bure na hujui mwenyewe ni nani, umemkabidhi mgeni mzigo wako aubebe. Izime kabla ya kufanya jambo la pesa, na usipokee VPN iliyotumwa kwa Bluetooth kutoka simu ya mtu.

Ya pili ni programu za mikopo. Nyingine huomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyo kwenye simu yako, na ukichelewa kulipa wanawaandikia shemeji zako na mchungaji wako kwamba wewe ni mwizi. Google iliwakataza wenye programu hizo kuchukua majina na picha tangu Mei 2023, lakini katazo hilo haliishiki programu iliyotumwa kwako na rafiki nje ya duka la Google. Programu ikiomba ruhusa isiyolingana na kazi yake, kama ile ya tochi inayotaka majina ya watu, bonyeza kukataa. Tochi itawaka tu.

Na sisi wa mashirika je? Tunakuja nyumbani kwako na kompyuta kibao, tunauliza umri, ugonjwa, idadi ya watoto, tunapiga picha. Una haki ya kutuuliza taarifa hizo ni za nini na nani ataziona. Uganda ina sheria ya kulinda taarifa za watu ya mwaka 2019, nayo haimlindi raia peke yake. Ukiona jina au umri wako umeandikwa vibaya, unaweza kudai urekebishwe. Ukikataa kupigwa picha ya gazeti au ya ripoti, msaada wako haupungui. Mfanyakazi akinuna, mwache anune, na umwulize jina lake.

Wiki ijayo, Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 7 mchana, tutakaa na meza karibu na ofisi ya shirika, Base Camp, kusaidia wanaotaka kuangalia vifaa vilivyounganishwa, kuweka namba ya siri ya pili, au kujua hatua za kubadilisha laini. Njoo na simu ikiwa na chaji, na hati yako ya familia ikiwa unataka kuzungumzia laini. Hatutaichukua wala kuipiga picha. Hatulipishi chochote. Wasiosoma tutawaeleza kwa mdomo, kwa Kiswahili, Kinyarwanda na Kirundi, na akina mama wanaopenda kuongea na mwanamke mwenzao wamwombe dada atakayekuwa mezani. Namba yako ya siri usituambie. Ukianza kuitaja tutakukatiza.